Nataka kufungua kesi ya talaka onlaini bila wakili, inawezekana?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi na mume wangu tumetengana mwaka na nusu sasa, hatugombani, tunaongea vizuri tu. Tuna mtoto mmoja wa miaka 7 na nyumba tuliyonunua kwa mkopo wa benki, tumesaini wote wawili. Nimeona tovuti inasema unajaza fomu kwenye simu, unalipa, talaka inatoka bila kuweka wakili. Hii kitu ni ya kweli au naenda kuibiwa? Na kama ni ya kweli naanzia wapi?

JIBU: Dada yangu, kwanza pole, maana hata talaka isiyo na kelele inachosha. Jibu fupi ni ndiyo, ni kitu cha kweli, nchi nyingi tu siku hizi unafungua kesi mwenyewe, tena ukiwa umekaa kitandani na simu, na hakuna anayekulazimisha uwe na wakili. Jibu refu ndo hili, na kama utachoka kusoma katikati basi ondoka na hili moja: ile fomu inavunja ndoa, basi. Nyumba, mkopo, pensheni, mtoto, hivyo vyote fomu inaweza kuvigusa kwa kakiboksi kamoja ka kuweka tiki au isivitaje kabisa, na mimi niliyekaa miaka kwenye meza ya kusaidia watu wanaojisimamia wenyewe mahakamani nakwambia sijawahi kuona mtu analia kwa sababu ya kujaza fomu vibaya kama nilivyoona wanaolia kwa yale ambayo fomu haikuwauliza.

Sasa hujaniambia uko nchi gani, na kwenye talaka hilo ndo swali la kwanza kabisa, kabla hata ya hiyo tovuti. Sheria inayotumika mara nyingi inategemea unaishi wapi, sio ulifungia ndoa wapi. California mmoja wenu lazima awe ameishi kwenye jimbo miezi 6 na kwenye kaunti miezi 3. Nevada wiki 6 zinatosha. Australia lazima muwe mmetengana miezi 12, na inahesabika hata kama mlikuwa mnalala nyumba moja ilimradi uthibitishe kwamba ndoa ilishaisha. Uingereza na Wales tangu Aprili 2022 huna haja ya kumtaja mwenzio kuwa mkosaji, unatamka tu kwamba ndoa imevunjika, lakini huwezi kufungua kabla ndoa haijatimiza mwaka. Tanzania ni habari nyingine, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwanza mpite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, sasa hata uwe na intaneti ya kasi namna gani ile hati huidanlodi popote, lazima mkakae mbele ya watu. Na kuna nchi mfumo wa mtandao ni wa kupokelea makaratasi tu, ukishapakia unaitwa mbele ya hakimu kama kawaida. Kwa hiyo neno "talaka onlaini" lina maana tofauti kila unapovuka mpaka.

Na usidanganye makazi hata kidogo. Uingereza kulikuwa na kesi 180 za Waitaliano waliotumia anwani za uongo ili waonekane wanaishi huko, karibu zote anwani moja ileile ya Maidenhead, kuja kufuatilia polisi wakakuta ni sanduku la barua. Walikuwa wanakimbia sheria ya kwao iliyokuwa inataka miaka 3 ya kutengana. Mwaka 2014 Jaji Sir James Munby akazifuta zote. Fikiria kuna watu humo walishaoa tena, wakaamka asubuhi wana ndoa mbili.

Sasa tuje kwenye hiyo tovuti uliyoiona. Ziko za aina mbili na zinafanana sana kwa macho. Ya kwanza ni mfumo wa mahakama au serikali yenyewe, ambapo ukibofya kutuma ombi linaenda mahakamani moja kwa moja. Ya pili ni kampuni binafsi inayokuuliza maswali, inakujazia fomu zilezile ambazo mahakama inazitoa bure, halafu inakutumia kwa imeli uzipeleke mwenyewe, na pesa uliyowalipa sio ada ya mahakama, ada bado inakusubiri. Sio wote wezi, kuna mtu anaogopa fomu na yuko radhi kulipa ajaziwe, sawa, lakini ujue unanunua nini. Ukiona "talaka ndani ya saa 24" funga hiyo tovuti. Texas siku 60 lazima zipite tangu kufungua. California haiishi chini ya miezi 6 tangu mwenzio apate hati. Uingereza ni wiki 20 tangu kesi ifunguliwe hadi uombe amri ya masharti (ile ya kwanza, bado haijavunja ndoa), halafu wiki 6 zingine ndo uombe ya mwisho. Muda huo hakuna wa kuukata, sio wakili, sio kampuni. Anzia kwenye tovuti ya mahakama ya nchi yako, utafute sehemu ya wanaojisimamia wenyewe, na hapohapo uangalie habari ya msamaha wa ada maana sehemu nyingi mwenye kipato kidogo anapunguziwa au halipi kabisa na watu hawaulizi.

Kabla hujagusa fomu fanya jambo dogo ambalo hakuna anayekwambia: fungua imeli mpya. Wanandoa wengi wana imeli moja, au mume ndiye aliyeseti simu ya mke na paswedi anayo, na barua zote za mahakama zitaingia humo. Hata kama mnaelewana. Leo mnaelewana.

Halafu toa cheti cha ndoa ukiweke mezani karibu na pasipoti yako. Soma jina herufi kwa herufi. Nimeshakaa na dada mmoja, kwenye cheti jina lake lina herufi h katikati, kwenye pasipoti haina, yeye akajaza kama pasipoti akatuma. Wiki tatu baadaye ombi likarudi. Akarekebisha, akapakia cheti kwa kupiga picha na simu usiku chini ya taa, kona moja imeliwa na kivuli cha mkono wake, namba ya cheti haisomeki, likarudi tena. Miezi miwili imepotea kwa herufi moja na kivuli. Kwa hiyo jina jaza kama lilivyo kwenye cheti, hata kama limekosewa, na kama siku hizi unatumia jina lingine sema hivyo pale fomu inapouliza. Skani mchana, PDF, kurasa zote pamoja na ya nyuma yenye mihuri. Kama cheti kiko kwa lugha nyingine kinahitaji tafsiri iliyothibitishwa, sio tafsiri ya shemeji yako anayejua lugha.

Na tarehe pia. Uingereza kuna wanandoa 79 ambao mfumo wenyewe wa mtandao uliwaruhusu kufungua siku moja mapema, kabla mwaka haujapita kamili, na ikabidi Mahakama Kuu ikae kuamua kama talaka zao ni halali (zilisalimika, lakini nani anataka presha hiyo). Ukiona uko karibu na mpaka wa siku ongeza wiki moja ndo utume.

Kwako wewe ambaye mnaelewana, angalia kama nchi yenu inaruhusu ombi la pamoja, yaani mnafungua wote wawili kama waombaji. Hiyo inakuokoa kwenye kitu kinachowasumbua sana wanaojisimamia, yaani kumfikishia mwenzio hati. Ukifungua peke yako mahakama lazima ijiridhishe kwamba amepata zile karatasi. Watu wananiletea simu, "ona nimemtumia WhatsApp, tiki mbili za bluu, amesoma". Dada, tiki za bluu hazitoshi, labda mahakama yenyewe iwe imeruhusu njia hiyo. California wewe mwenyewe huruhusiwi kumkabidhi mwenzio hati, lazima mtu mwingine wa miaka 18 au zaidi asiye sehemu ya kesi ampelekee, halafu huyo aliyepeleka ndo asaini fomu ya kuthibitisha. Uingereza kawaida mahakama yenyewe inamtumia kwa imeli na barua, naye ana siku 14 za kujibu. Mume asipojibu sio mwisho wa dunia, zipo taratibu za kuthibitisha kwamba alipata, ila kila hatua ni fomu nyingine na wakati mwingine ada nyingine. Kwa hiyo mpigie simu, mwambie "kuna imeli itakuja kutoka mahakamani, cheki na huko kwenye spamu, ukiipata jibu siku hiyohiyo". Simu ya dakika mbili inaokoa miezi.

Haya, sasa pale penyewe. Nyumba yenu.

Ukikumbuka kitu kimoja kuhusu mkopo kumbuka hiki: benki haimo kwenye kesi yenu. Mnaweza kuandikiana kwamba mume anabaki na nyumba na atalipa mkopo, jaji akagonga muhuri, wewe ukaondoka na begi lako na amani yako, lakini kwa benki majina yaliyosaini bado ni mawili. Siku akiacha kulipa wanakupigia wewe. Ukienda kuomba mkopo wako mpya wanaona tayari una deni la nyumba. Amri ya mahakama inakupa haki ya kumbana mume, haikuondoi kwenye mkataba wa benki. Dawa yake ni moja kati ya mbili, ama nyumba iuzwe mkopo uishe mgawane kinachobaki, ama anayebaki achukue mkopo mpya kwa jina lake peke yake na jina lako litolewe, na hilo muiulize benki KABLA ya kuandika makubaliano, kwa sababu benki inaweza kusema kipato chake peke yake hakitoshi, na hapo makubaliano yenu mazuri yote yanabaki karatasi. Mkiandika wekeni na tarehe, kwamba asipokamilisha mkopo mpya hadi mwezi fulani nyumba inauzwa. Na hati ya nyumba ni kitu tofauti na mkopo, majina huko nako lazima yabadilishwe kwa utaratibu wake, nimeona watu wanafanya kimoja wanasahau kingine.

Na hayo makubaliano yasibaki WhatsApp au kwenye daftari. Yapelekeni mahakamani yawe amri. Najua unafikiria "sisi hatuna ugomvi, kwa nini tujisumbue", ngoja nikupe kisa cha Uingereza ambacho kiko wazi kwenye kumbukumbu za mahakama. Kathleen Wyatt na Dale Vince walioana 1981, wakaachana baada ya miaka michache wakiwa hawana kitu wote wawili, talaka ikatoka 1992 na suala la pesa halikufungwa. Yule bwana baadaye akaanzisha kampuni ya umeme wa upepo, Ecotricity, akawa tajiri wa mamilioni. Mwaka 2011 yule mama akafungua madai. Miaka karibu 20 baada ya talaka! Mahakama ya Juu 2015 ikasema madai yaendelee, na mwaka uliofuata wakamalizana kwa pauni 300,000. Huko talaka haifungi mlango wa pesa, mlango unafungwa na amri ya mahakama. Australia ni kinyume chake, talaka ikishaanza kufanya kazi una miezi 12 tu ya kudai mgawanyo wa mali, baada ya hapo lazima uombe ruhusa. Kwa hiyo wapo wanaoumia kwa kuacha mlango wazi na wapo wanaoumia kwa kuchelewa kuingia, na ile fomu ya talaka haitakwambia uko kundi gani. Tena Uingereza kuna mtego mwingine, ukiolewa tena kabla hujaomba chochote kuhusu mali unaweza kupoteza haki ya kuomba kabisa, na kinachokulinda ni kuweka tiki kwenye kale kaswali kanakouliza kama unataka kuomba amri ya fedha. Watu wanaandika hapana kwa sababu wanaona kama ni kuanzisha vita. Sio vita.

Pensheni nayo ni mali. Kwenye ndoa nyingi ndo mali kubwa kuliko zote baada ya nyumba na hakuna anayeitaja kwa sababu haionekani. Marekani akiba ya kustaafu ya kazini haigawanywi na hukumu ya talaka peke yake, inatakiwa amri maalumu ambayo mfuko wenyewe unaikubali, na hiyo amri ina maneno yake ya kiufundi, hapo mimi mwenyewe ninayewahimiza watu wajifanyie nawaambia walipe mtaalamu. Sana tu kuna watu wamemaliza talaka bila senti ya wakili halafu wakagundua miaka kumi baadaye kwamba ile nusu ya pensheni waliyoandikiwa haikuwahi kufika kwa mfuko.

Mtoto. Hapa nitakuwa mfupi kwenye sheria kwa sababu kanuni ni ileile karibu kila mahali, jaji anaangalia maslahi ya mtoto na hafungwi na mlichokubaliana kama anaona mtoto anaumia. Ila kwenye kuandika sitakuwa mfupi. Kuna maneno mawili nayachukia kwenye makubaliano ya wazazi, "kwa maelewano". "Mtoto atakuwa kwa baba likizo kwa maelewano." Inasomeka vizuri siku mnaposaini, kwa sababu siku hiyo mnaelewana. Nilikuwa na wazazi waliosaini hivyo hivyo, mwaka wa kwanza safi, mwaka wa pili baba akapata mchumba na Desemba wote wawili wakakata tiketi kwa mtoto mmoja wiki ileile. Mimi naona andikeni kama mnaandika ratiba ya basi. Ijumaa saa ngapi, anachukuliwa shuleni au nyumbani, nani anamrudisha, likizo ya mwaka shufwa kwa nani na mwaka witiri kwa nani, pasipoti yake inakaa kwa nani, mmoja akitaka kumsafirisha nje anatoa taarifa siku ngapi kabla, akiumwa usiku nani anapigiwa kwanza. Mkiishi kwa amani hiyo karatasi hamtaifungua tena. Na matunzo andikeni kiasi na tarehe ya kila mwezi, sio "atasaidia kadiri ya uwezo".

Sasa wakili. Kujisimamia sio kiapo kwamba hutaongea na wakili milele. Sehemu nyingi unaweza kumlipa kwa saa moja au mbili tu, unafanya kazi yote mwenyewe, mwishoni unampelekea makubaliano ya nyumba na pensheni ayasome kabla hamjasaini. Kwa hali yako, wewe mwenye nyumba ya mkopo, mimi ningefanya hivyo. Na kila mmoja awe na wa kwake, sehemu nyingi wakili mmoja haruhusiwi kuwashauri nyote wawili hata mkiwa marafiki.

Ila kuna watu siwaambii kabisa wafanye wenyewe. Kama kuna kupigwa, vitisho, au unamwogopa, usifungue kwa mtandao usiku peke yako, tafuta msaada kwanza, na ukifika kwenye fomu angalia sehemu ya kuficha anwani na namba yako maana vinginevyo karatasi atakazopata yeye zinaweza kuwa na mahali unapoishi. Kama unahisi anaficha mali, au ana biashara usiyojua hesabu zake, au kuna uwezekano wa kukimbia na mtoto nchi nyingine, tafuta wakili, na kama huna pesa tafuta msaada wa kisheria. Wewe hujaandika lolote kati ya haya kwa hiyo naenda na ulichoandika.

Ndoa ya dini ni jambo lake. Amri ya mahakama haimalizi ndoa mbele ya kanisa Katoliki, na talaka aliyotamka mume kwa upande wa Kiislamu kwenye nchi nyingi haitoshi serikalini. Kama mlifunga kote mtamaliza kote.

Ukishafika kwenye kile kitufe cha kuomba amri ya mwisho, toa mkono kwenye simu. Kitufe hicho hakina kurudi nyuma. Mwaka 2023 London mfanyakazi wa ofisi ya mawakili alifungua kwa makosa faili la wanandoa wengine kwenye mfumo wa mtandao, akabofya kuomba amri ya mwisho, na dakika 21 baadaye ndoa ya zaidi ya miaka 20 ikawa imekufa wakati wenyewe bado wako katikati ya kujadiliana mali. Ofisi ikaomba ifutwe, 2024 mahakama ikakataa. Hao ni wanasheria, mfumo wanautumia kila siku. Kwa hiyo usiombe ya mwisho kabla amri ya nyumba na pensheni haijapitishwa, kwa sababu ukishaacha kuwa mke kuna vitu vinakatika siku hiyohiyo, kwa mfano haki ya mjane kwenye pensheni au bima ya afya uliyokuwa unapata kupitia kazi yake.

Ikitoka, danlodi, chapa, na omba nakala kadhaa zilizothibitishwa na mahakama, utazihitaji benki, uhamiaji, na siku ukitaka kuolewa tena. Halafu pitia kila mahali mlipoandikana majina, bima ya maisha, mfuko wa kazini, akaunti, wosia. Marekani kuna bwana aliachana 1994, mke kwenye hukumu ya talaka akawa ameachia haki zake kwenye akiba ya kazini ya mumewe, lakini bwana hakubadilisha fomu ya mrithi kule kazini. Akafa 2001, mfuko ukamlipa yule mke wa zamani kama dola 402,000, binti ndo akasimamia kesi kwa niaba ya mirathi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na 2009 majaji wakasema mfuko uko sahihi, umefuata fomu iliyokuwa kwenye faili. Hiyo fomu ya mrithi huwa ni ukurasa mmoja, unaiomba ofisi ya rasilimali watu unapofanyia kazi, na mwambie na yeye aombe ya kwake.

Niandikie nchi, tarehe ya ndoa, na benki imesemaje kuhusu kuhamisha mkopo kwa mtu mmoja, nitakwambia fomu ipi hasa.